Carmen wa Khayelitsha: Opera ya Kifaransa ilipoimbwa kwa Kixhosa

Opera ya Carmen inapotajwa, wengi hukumbuka Hispania: jua la Seville, wapigana na fahali na mwanamke asiyekubali kutawaliwa na mwanamume. Lakini mojawapo ya Carmen zilizovuma mno katika karne hii inaishi Khayelitsha, kitongoji kilichojengwa miaka ya 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, pembezoni mwa jiji la Cape Town, Afrika Kusini.

Filamu hiyo, U-Carmen eKhayelitsha, iliongozwa na Mark Dornford-May na mwaka 2005 ikatunukiwa Dubu wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha la filamu la Berlin. Pauline Malefane aliigiza kama Carmen. Yeye pia alishiriki kuitafsiri opera hiyo kwa Kixhosa.

Muziki wa Georges Bizet umebaki. Kilichobadilika ni mazingira. Don José, askari wa Kihispania, amekuwa polisi aitwaye Jongikhaya, na mpigana na fahali amegeuzwa kuwa mwimbaji mashuhuri anayerejea nyumbani. Kiwanda cha sigara hakikuhitaji kuhamishwa mbali: wanawake wanaotoka kazini wakiwa wamechoka hupatikana kote.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ambaye naye hula mkate wa tafsiri, ilikuwa ya lugha. Kifaransa huweka mkazo mwishoni mwa kirai, na Bizet alizipanga noti zake kwa kuufuata mkazo huo. Kixhosa, kama Kiswahili, huielemea silabi ya pili kutoka mwisho, na juu ya hayo kina toni na sauti za vidoko. Neno lililo sahihi kimaana laweza kabisa kugoma kuimbika, na mfasiri hana ruhusa ya kuongeza hata noti moja.

Kuwashtua watazamaji si jambo geni kwa Carmen. Ilipozinduliwa Machi 3, 1875 katika ukumbi wa Opéra-Comique mjini Paris, uliozoewa na familia za kiungwana, wanawake wavutao sigara na mauaji jukwaani viliwakera wengi. Bizet alifariki miezi mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 36, pasipo kujua kwamba kazi yake ingeenea duniani kote.

Mauaji hayo ndiyo yanayozua mjadala hadi leo. Mwaka 2018, mjini Florence nchini Italia, mwongozaji Leo Muscato aliugeuza mwisho: Carmen ananyakua bastola na kumuua Don José. Hoja iliyotolewa ni kwamba haifai watazamaji kushangilia kuuawa kwa mwanamke. Usiku wa kwanza bastola ilikataa kulia, na baadhi ya watazamaji wakazomea.

Khayelitsha ilichagua njia nyingine. Carmen anauawa, kama alivyouawa Paris. Tofauti ni kwamba hakuna pazia la Hispania ya kale la kumfariji mtazamaji: muuaji ni mwanamume aliyewahi kuvaa sare ya polisi, na maiti imelala katika mtaa ambao watu huupita kila asubuhi wakienda kazini.