Ripoti 40, mtumbwi mmoja: kwa nini kutuma kunachelewa

Kando ya ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi, kipindupindu hurudi mara kwa mara. Hesabu ya wagonjwa ikichelewa kufika, msaada nao unachelewa. Siku hizi hesabu nyingi za afya Kongo zinapitia DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

Mtu akibonyeza "tuma" na alama ikazunguka tu, watu husema: rezo mbaya. Mara nyingi ni kweli. Lakini pengine shida iko katika namna programu ya kutuma ilivyoandikwa.

Kabla ripoti haijaondoka, mashine mbili zinasalimiana. Simu inabisha hodi, seva inaitika. Halafu zinapatana funguo za siri ili ripoti isisomwe njiani. Kwa mtindo wa usalama wa TLS 1.2, hizo ni safari 3 za kwenda na kurudi. TLS 1.3 ya mwaka 2018 ilizipunguza kuwa 2.

Kwa setilaiti iliyo juu kilomita 36.000 hivi, kila safari huchukua zaidi ya nusu sekunde. Programu ya TLS 1.2 inayofungua njia mpya kwa kila ripoti itamaliza zaidi ya dakika moja kwa salamu za ripoti 40 peke yake. Na mega zinaliwa.

Ni kama mtu wa Baraka mwenye magunia 40 ya kupeleka Ubwari: anapatana bei ya mtumbwi, anavusha gunia moja, anauacha, anarudi kutafuta mwingine.

Dawa ni kufungua njia mara moja, kuiweka tayari, ripoti zote zipite humo. Si jambo jipya: tangu mwaka 1997, kanuni za HTTP/1.1 zinaacha njia wazi mpaka upande mmoja uifunge.

Lakini njia haikai milele. Seva hufunga iliyonyamaza muda mrefu, na rezo ikikatika simu inaweza kudhani bado iko wazi. Programu nzuri ikigundua njia imekufa hufungua nyingine na kutuma tena. Hapo kila ripoti iwe na namba yake, la sivyo wagonjwa 5 watahesabiwa 10.

Kwa hiyo anayeagiza programu amuulize fundi swali moja: "Nikituma ripoti 40, unafungua njia ngapi?"