Upungufu wa Misuli kwa Wanawake Wazee na Jinsi Unavyopimwa

Katika vijiji vinavyouzunguka uwanda wa Kitulo, ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mwanamke mwenye umri wa miaka sabini hahesabiwi kuwa amestaafu. Hulima viazi mviringo kwenye miteremko, hutafuta kuni, huteka maji, na mara nyingi hulea wajukuu. Jambo hili la mwisho si la kupitiwa juu juu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa Mkoa wa Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, hali wastani wa taifa zima ulikuwa asilimia 4.4. Kwa miongo kadhaa ugonjwa huo umeacha nyumba ambazo ndani yake wamo bibi na wajukuu tu. Nguvu za mikono na miguu ya bibi huyo ni rasilimali ya nyumba nzima, na siku ashindwapo kuinuka bila kushikwa mkono, si yeye peke yake apataye hasara.

Kupungua kwa nguvu uzeeni kulijulikana tangu kale, lakini kwa muda mrefu kulichukuliwa kuwa jambo la kawaida lisilohitaji jina wala kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza jina la sarkopenia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Jina lilipopatikana, utafiti nao ukaongezeka. Ndivyo mambo ya sayansi yaendavyo mara nyingi.

Msuli umefanyika kwa nyuzi nyembamba zilizolala pamoja mfano wa nyuzi za kamba ya katani. Zipo zinazofanya kazi polepole na kwa muda mrefu, kama zile za kumsimamisha mtu wima, na zipo za haraka, ambazo hutumika mtu anapoinuka ghafla au anapojikwaa na kutaka kujizuia asianguke. Uzee hudhoofisha zaidi zile za haraka. Sababu moja iko katika neva. Kila neva iendayo msulini huamrisha kundi la nyuzi, na neva hizo hupungua kadiri umri unavyosogea. Nyuzi zilizoachwa bila neva hupata neva jirani ya kuziamrisha, ama hunyauka. Mahali pa nyuzi zilizonyauka huweza kujaa mafuta, hata mguu ukaonekana mnene kama zamani na huku nguvu zimekwisha kupungua. Hapa ndipo macho yanapodanganya, na ndipo haja ya kipimo inapoanzia.

Wanawake wana mambo yao mahsusi. Huanza utu uzima wakiwa na misuli michache kuliko wanaume. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua mwilini, na misuli pamoja na mifupa hukosa moja ya nguzo zake. Tena wanawake kwa wastani huishi miaka mingi zaidi, kwa hiyo ile miaka ya nguvu haba nayo kwao huwa mingi.

Njia za kupima wingi wa misuli ni nyingi. Katika hospitali kubwa ipo mashine itumiayo mionzi ya eksirei ya aina mbili ili kutenganisha mfupa, mafuta na mnofu; ipo pia mitambo ya sumaku inayochora picha ya paja lote kipande kwa kipande. Vipo pia vyombo vidogo vinavyopitisha umeme hafifu mwilini na kukisia wingi wa misuli kutokana na maji yaliyomo. Hivi vya mwisho ni rahisi kubeba, lakini jibu lao hutegemea milinganyo iliyotungwa kwa watu fulani wa mahali fulani, na mtu aliyekunywa maji kidogo au aliyevimba miguu hupewa jibu lisilo lake.

Zahanati ya kijijini haina mitambo hiyo, na pengine haiihitaji sana. Futi kamba ya fundi cherehani na kalipa ya kubania mkunjo wa ngozi vyatosha kwa makadirio. Hupimwa mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha hupimwa unene wa mkunjo wa ngozi ulioko nyuma ya mkono mahali pale pale. Unene huo, ukigeuzwa kuwa sentimita, huzidishwa kwa 3.14 na kutolewa katika mzingo. Chukua mfano wa bibi ambaye mzingo wa mkono wake ni sentimita 26 na mkunjo wake ni milimita 12. Milimita 12 ni sentimita 1.2, mara 3.14 ni takriban 3.8, basi mzingo wa msuli pamoja na mfupa wake ni kiasi cha sentimita 22.2. Mwenzake aliye na mkono wa sentimita 26 hizo hizo, lakini mkunjo wa milimita 25, atabaki na 18.2 tu. Ukiwatazama kwa macho, mikono yao ni sawasawa. Wengine hupima shavu la mguu pahali penye unene zaidi, kipimo ambacho ni chepesi kupita vyote, ila mguu uliovimba kwa maji humfanya mgonjwa aonekane mwenye afya.

Hata kimo chenyewe kina taabu yake. Uti wa mgongo wa mwanamke mzee aghalabu umepinda, na kumsimamisha ukutani kunampunguzia sentimita kadhaa. Kwa hiyo watafiti hupima urefu wa mikono iliyonyoshwa pande mbili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kwa kuwa mifupa mirefu ya mikono haipindi kama mgongo.

Lakini wingi wa msuli si nguvu, na nguvu si uwezo. Mambo haya matatu huchanganywa mno. Nguvu hupimwa kwa dainamomita ya mkono, chombo chenye mpini ambao mtu huubana kwa nguvu zake zote, na mshale ukaonyesha kilo. Mpimwaji hukaa kitini, kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba, akabana mara tatu kwa kila mkono, na jibu kubwa ndilo linaloandikwa.

Kipimo hiki si kigeni Tanzania. Wakimbizi wa Rwanda walipokuwa katika kambi wilayani Karagwe baada ya mwaka 1994, watafiti Pieterse, Manandhar na Ismail waliwapima wanaume na wanawake zaidi ya 800 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wastani wa wanaume ulikuwa kilo 30.3, na wa wanawake kilo 22.3. Walioonekana kuwa na lishe duni walibana kwa nguvu ndogo zaidi, hata baada ya umri na kimo chao kuzingatiwa katika hesabu. Utafiti wa wazee wa vijijini nchini Malawi, uliotangazwa mwaka 2001, nao ulionyesha uhusiano kama huo wa lishe na nguvu za mkono.

Ugumu uko katika kuamua kilo ngapi ni chache. Wataalamu wa Ulaya, katika kanuni walizozitoa mwaka 2019, waliweka mpaka wa kilo 16 kwa wanawake. Wa Asia, mwaka ule ule, waliweka kilo 18. Basi bibi mwenye kilo 17 ni mzima kwa kanuni za Ulaya na ni dhaifu kwa kanuni za Asia, bila msuli wake kubadilika hata kidogo. Mpaka wa Ulaya ulitokana na vipimo vya vijana wa Uingereza. Mwanamke wa Makete au Njombe ambaye pengine ni mfupi kuliko wao, na ambaye alikua kwa lishe nyingine, lakini ameshika jembe tangu utotoni, hawezi kuhukumiwa kwa mstari huo bila tahadhari. Jembe lenyewe huweza kuhifadhi nguvu za kiganja, hali misuli ya mapaja, ambayo kwa kawaida hudhoofika haraka kuliko ya mikono, imekwisha kurudi nyuma.

Ndiyo maana miguu yapasa kupimwa peke yake. Mzee huketi kwenye kiti kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani kisiteleze, akafumbata mikono kifuani, akainuka na kuketi mara tano mfululizo. Kwa kanuni za Ulaya, anayezidi sekunde 15 ana udhaifu. Kisha hutembea mita nne kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde tano au zaidi, mwendo wake ni mita 0.8 kwa sekunde au pungufu, nao huhesabiwa kuwa wa chini. Mwisho husimama miguu ikiwa sambamba, kisha kisigino kimoja kikiwa kando ya kidole gumba cha mguu wa pili, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, sekunde kumi kila mkao. Vipimo hivi vitatu vilikusanywa pamoja mwaka 1994 na Jack Guralnik na wenzake wa Marekani, na jumla ya alama zake ni 12. Mwaka 2011 uchanganuzi wa wazee 34,485 ulionyesha kuwa kasi ya kutembea pekee inahusiana na miaka ambayo mtu atazidi kuishi.

Mahali pa kupimia pana athari. Asubuhi ya mwezi wa Julai huko Kitulo, wakati umande umeganda majanini, kiganja chenye baridi hakibani kama kilichopata joto. Yafaa mpimwaji akae kwanza jikoni penye moto. Hewa nayo ni nyepesi, kanieneo lake likiwa takriban robo tatu ya lile la pwani. Mwendo wa mita nne hauathiriki kwa hilo, lakini jaribio la kutembea dakika sita huathirika, na matokeo yake hayafai kulinganishwa na ya Dar es Salaam. Tena kiti cha majaribio ni kirefu kuliko kigoda. Mwanamke aliyezoea kigoda na choo cha kuchuchumaa hufanya kila siku zoezi gumu kuliko hilo la kiti. Akianza kushindwa kigodani, dalili imekwisha kuonekana kabla ya kiti kuletwa.

Uwezo hutegemea pia ustadi. Mwaka 1986 Maloiy, Heglund na wenzao walionyesha kuwa wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Hakuna futi kamba iwezayo kupima jambo kama hilo.

Tofauti ya wingi na nguvu ilidhihirika zaidi huko Boston mwaka 1990. Maria Fiatarone aliwafundisha wazee kumi wenye umri kati ya miaka 86 na 96 kunyanyua vizito kwa miguu kwa majuma manane. Kwa wale tisa waliomaliza, eneo la msuli wa paja liliongezeka kwa asilimia 9, lakini nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Aliyetazama ukubwa wa msuli peke yake angesema kwamba mazoezi yale yalileta faida ndogo.

Mazoezi bila chakula hayajengi. Wataalamu wengi sasa hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mzee kwa siku, yaani gramu 50 hadi 60 kwa bibi wa kilo 50. Kilo nzima ya viazi vilivyochemshwa hutoa kama gramu 20 tu. Maharage, njegere na maziwa ndivyo vinavyoziba pengo. Lita moja ya maziwa ina zaidi ya gramu 30, na nyanda hizo ni nchi ya ng'ombe wa maziwa.

Anayepima na arudie baada ya miezi kadhaa, kwa kiti kile kile, dainamomita ile ile na saa ile ile ya siku. Tofauti ya kilo moja ya mshiko haina maana, kwa kuwa mkono ule ule hutofautiana kiasi hicho kati ya jana na leo. Na kwa mkulima yafaa vipimo viwili vilinganishwe vikiwa vya msimu mmoja, kwa sababu bibi aliyepimwa baada ya mavuno na kupimwa tena wakati wa njaa ya kabla ya mavuno ataonekana amezeeka ghafla, na huenda alichopungukiwa ni chakula.