Kobe wa Kinamasi wa Australia, Aliyedhaniwa Kuwa Amekwisha

Karibu na mji wa Perth, ulio mji mkuu wa jimbo la Australia ya Magharibi, yako madimbwi machache yasiyo na sura ya ajabu. Wakati wa kiangazi mtu aweza kuyavuka kwa miguu pasipo kujua kwamba ni madimbwi, maana haoni ila udongo mkavu na vichaka vifupi. Mvua zinyeshapo maji hujaa kwa miezi michache, tena si maji ya kina kirefu, kisha hukauka kabisa. Katika madimbwi ya namna hiyo huishi kobe mdogo ambaye kwa asili yake hapatikani mahali pengine po pote duniani. Huitwa kobe wa kinamasi wa magharibi, na wastadi wa elimu ya wanyama humwita Pseudemydura umbrina.

Habari za kupatikana kwake ni za kustaajabisha. Katika miaka ya 1838 hadi 1841 Mjerumani mmoja, Ludwig Preiss, alizunguka katika sehemu hizo akikusanya mimea na wanyama ili wachunguzwe huko Ulaya. Mmoja wa wanyama aliowakusanya alikuwa kobe huyu, naye alipelekwa katika jumba la makumbusho la Vienna mwaka 1839. Alipofika huko aliwekwa kabatini, na kibandiko chake hakikueleza zaidi ya kwamba ametoka Australia. Australia ni nchi kubwa kama bara zima, basi kibandiko kama hicho hakimfai kitu mtu atakaye kumtafuta mnyama. Miaka zaidi ya sitini ilipita ndipo mtaalamu Siebenrock, mwaka 1901, alipomtazama vizuri kobe yule mkavu, akatambua kuwa ni wa aina isiyojulikana, akampa jina. Lakini jina lilipatikana bila mnyama, maana hapakuwa na mtu aliyejua mahali pa kumtafuta. Miaka mingine hamsini ikapita pasipo yeyote wa elimu hiyo kumwona akiwa hai, na wengi wakafikiri kuwa amekwisha.

Mwaka 1953 mtoto mmoja wa shule alileta kobe mdogo katika maonyesho ya wanyama mjini Perth. Wajuzi waliohudhuria walimtazama, wakaona kwamba hafanani na kobe wa kawaida wa mito ya nchi hiyo, mwenye shingo ndefu mithili ya nyoka. Huyu shingo yake ilikuwa fupi, yenye vijipele, na kichwa chake kipana kilichofunikwa kama kwa ngao. Mkuu wa makumbusho ya Perth, Ludwig Glauert, alidhani kuwa ameona aina mpya, na mwaka 1954 akaiandika kwa jina jipya. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Ernest Williams, alionyesha kwamba kobe wa Perth na kobe wa kabati la Vienna ni mamoja. Hivyo mnyama aliyedhaniwa kuwa amekufa zamani alikuwa akiishi wakati wote huo kando ya mashamba ya watu, mwendo wa maili 20 tu kutoka mji mkubwa. Labda wakulima walikuwa wakimwona kila mwaka akivuka njia, lakini hapana aliyewauliza.

MAISHA YAKE

Kobe huyu ni mdogo. Dume aliyekomaa gamba lake halizidi urefu wa inchi 6 hivi, na jike ni mdogo zaidi. Rangi yake hufanana na ya matope anamoishi. Akitishwa harudishi kichwa ndani moja kwa moja kama afanyavyo kobe wa nchi kavu, bali hukunja shingo upande na kukilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba. Wasomaji wanaokaa karibu na mabwawa na mito ya Afrika ya Mashariki wamekwisha kuona jambo hilo kwa kobe wa maji wa kwetu, maana hao nao ni wa kundi kubwa lile lile la kobe wakunjao shingo upande.

Katika nchi ya Perth mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu mwezi wa Juni au karibu na hapo. Madimbwi yakijaa kobe hutoka mafichoni na kuingia majini, na humo ndimo anamopata chakula chake chote: wadudu wa maji, funza, viluwiluwi vya vyura, na vidudu jamii ya kamba vinavyozaliwa katika maji ya mvua. Halili jani wala mzizi, na akiwa nchi kavu hali kitu. Kwa hiyo yampasa kula katika muda wa miezi mitano au sita chakula cha kumtosha mwaka mzima. Kufika Novemba maji hupungua na kupata joto, naye hutoka akaingia katika mashimo ya udongo wa mfinyanzi, au chini ya majani makavu na vichaka, akalala humo kiangazi chote bila kula wala kunywa, akingoja mvua ya mwaka mwingine. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wanamjua kamongo, samaki ajizikaye katika tope maji yakaukapo. Desturi za wanyama hawa wawili zinakaribiana, ingawa mmoja ni samaki na mwingine ni kobe.

Kabla ya kwenda kulala jike hutaga mayai, nayo ni matatu hadi matano tu, mara moja kwa mwaka. Kasa wa baharini, kama ajuavyo kila mvuvi wa Pwani, hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja. Tena kobe wengine wote huchimba shimo la mayai kwa miguu ya nyuma, lakini huyu huchimba kwa mikono ya mbele, akitanguliza kichwa ardhini, kisha hugeuka ili atage. Mayai hukaa udongoni muda wa miezi sita hivi, hata joto la kiangazi limalizike, na watoto hutoka karibu na wakati wa mvua. Mtoto akitoka huwa na urefu wa inchi moja tu, na uzito wake ni kama sarafu moja au mbili. Hana budi kula na kukua upesi katika majira yake ya kwanza ya mvua, kwa sababu asiponenepa hawezi kuvuka kiangazi kinachofuata. Mvua ikichelewa kuanza au ikikatika mapema, watoto wa mwaka huo hufa karibu wote. Jike huchukua miaka kumi au kumi na mitano kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Walakini akifika utu uzima aweza kuishi miaka mingi kama binadamu, na mnyama wa maisha marefu hivyo aweza kustahimili miaka mibaya kadha wa kadha, mradi wakubwa wasiuawe.

JINSI WALIVYOPUNGUA

Haikuwa nyama iliyommaliza kobe huyu, wala mayai yake, maana hata kwa mchuzi wa mtu mmoja hatoshi. Kilichomdhuru ni kwamba nchi aliyoipenda ilipendwa na watu pia. Bonde la mto Swan lina rutuba, lilipandwa mizabibu na kulishwa ng'ombe, na madimbwi mengi yakachimbiwa mifereji ili maji yatoke. Udongo wa mfinyanzi ulio chini ya madimbwi ndio uzuiao maji yasizame upesi. Na udongo huo huo ndio ufaao kwa matofali na vigae vya kuezekea nyumba za Perth. Palipochimbwa udongo hapakubaki kinamasi.

Jambo la pili ni mbweha mwekundu. Mnyama huyu si wa Australia. Wazungu walimleta kutoka Ulaya katika karne ya kumi na tisa kwa ajili ya mchezo wa kumwinda, naye akaenea nchini hata akafika magharibi. Kobe alalaye chini ya majani makavu kwa nusu ya mwaka hana njia ya kujiokoa na mbweha mwenye njaa. Hapa hasara ni kubwa kuliko idadi ionekanavyo, kwa kuwa mbweha halazimiki kula watoto tu. Hula na majike ya miaka thelathini, na mahali pa jike kama huyo hapajazwi kwa miaka kumi na mitano.

Serikali ya Australia ya Magharibi ilitenga hifadhi mbili mwaka 1962, moja iitwayo Ellen Brook na ya pili Twin Swamps. Likawa jambo jema, lakini halikutosha. Kutenga nchi kwa maandishi hakumzuii mbweha, wala hakuleti mvua. Miaka ya ukame ilifuatana, na kobe wa Twin Swamps wakazidi kupungua hata ikawa shida kumwona mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kobe wote wa aina hii, wa porini pamoja na wale waliofugwa, hawakufika 50.

KAZI YA KUWAZALISHA

Kobe kadhaa walikuwa wakifugwa Perth tangu zamani, lakini kwa miaka mingi hawakuzaa. Mwaka 1987 mtaalamu kutoka Austria, Gerald Kuchling, alianza kuwachunguza majike kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile itumiwayo hospitalini kumtazama mtoto tumboni mwa mama yake. Kwa njia hiyo aliweza kuona ndani ya kobe bila kumpasua, akagundua kwamba viini vya mayai vilianza kukua lakini havikufika ukamilifu. Basi chakula na makao yao yakatengenezwa upya ili yafanane na yale ya kinamasi, kwa majira ya maji na majira ya ukavu. Majike wakaanza kutaga, na tangu mwaka 1989 Bustani ya Wanyama ya Perth imepata watoto zaidi ya elfu moja. Inafaa kukumbuka kuwa kazi hiyo yote ilianza na majike wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole.

Watoto hawaachwi porini mara watokapo mayaini. Hulelewa miaka miwili au mitatu mpaka wawe na ukubwa wa kuwawezesha kuvuka kiangazi. Wakati huo huo hifadhi zilizungushiwa ua wa waya wenye nguvu za umeme, uliojengwa hasa kwa kumzuia mbweha, na huko Twin Swamps kilichimbwa kisima cha pampu ili maji yaongezwe mvua inapopunguka. Mwaka 1994 kobe walianza kurudishwa Twin Swamps, na baadaye wakapelekwa mahali pengine kaskazini ya Perth, kama vile Mogumber. Watu wa kawaida na watoto wa shule wameunda chama cha kumsaidia, nao huenda kupanda miti na vichaka vya kivuli.

Kuna watu walioulizana kwa nini fedha nyingi zitumike kwa mnyama asiyevuta jembe wala kutoa maziwa. Swali hilo ni la haki, na halikosi kuulizwa kila nchi yenye hifadhi. Wataalamu hujibu kwamba huyu si tawi moja tu la jamii kubwa, ila ndiye peke yake aliyesalia wa jamii yake. Mabaki ya ndugu zake yameonekana ndani ya mawe ya kale sana huko Riversleigh, upande wa pili kabisa wa Australia, dalili kwamba jamii hiyo ilikaa katika nchi pana kabla ya kubanwa katika madimbwi haya machache.

MVUA NA NCHI MPYA

Ua humzuia mbweha, lakini hauwezi kuzuia mabadiliko ya hewa. Tangu miaka ya 1970 mvua za majira ya baridi katika pembe hiyo ya Australia zimepungua kwa kadiri ya sehemu 15 hadi 20 katika kila 100. Dimbwi lililokuwa na maji kwa miezi sita sasa huenda likakauka kabla ya mtoto kushiba. Pampu husaidia, lakini maji ya kisima yana gharama, tena kobe anayeishi kwa pampu hawezi kusemwa kuwa ameokoka.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Australia ya Magharibi walifanya hesabu za mvua, joto na udongo, wakatafuta mahali ambapo madimbwi yatadumu katika miaka ijayo. Hesabu zikawaelekeza kusini, ambako kobe huyu hakupata kuonekana akiishi. Mwezi wa Agosti 2016 kobe wachanga 24 waliozaliwa bustanini walipelekwa karibu na pwani ya kusini, mwendo wa maili 200 hivi kutoka Perth, wengine East Augusta na wengine Meerup, kila mmoja akiwa amefungwa juu ya gamba chombo kidogo cha redio ili afuatwe aendako.

Jambo hilo halikukubaliwa na wote bila mashaka. Australia ndiyo nchi iliyoletewa mbweha, sungura na chura wa miwa, na watu wake wana haki ya kuogopa kila mnyama anayehamishwa. Tena kusini maji ni mengi lakini ni baridi, na kobe hali vizuri katika maji ya baridi. Siku za jua hula na kuongezeka uzito. Siku za mawingu hukaa tu chini ya maji. Hivyo watafiti walishika daftari na mizani, wakawapima kobe mmoja mmoja, huku majike wengi wa kundi hilo wakiwa na miaka mingi mbele yao kabla ya kutaga yai la kwanza.