Mnara uliozungushwa kwa mikono

Mizinga ilikuwa miwili, kila mmoja una uzito wa tani 12 na nusu, imelazwa sambamba ndani ya mnara wa chuma wa duara. Nafasi iliyobaki ilitosha wapiga mizinga kujipenyeza kwa ubavu. Baruti ilipolipuka, moshi ulirudi ndani na sauti ikagonga kuta kama nyundo ndani ya pipa. Kila nahodha alipotaka mizinga ielekezwe kwingine, mabaharia 16 walishika vishikio vya mashine ya meno na kuanza kuzungusha kwa nguvu za mikono yao. Mnara ulisogea polepole. Kuuzungusha duara zima kuliwachukua kama robo saa, na katika robo saa hiyo adui naye hakuwa amesimama kumsubiri mtu.

Hivyo ndivyo ilivyopigana Huáscar, manowari ya chuma ya Peru iliyoundwa mwaka 1865. Mvuke uliisukuma baharini, lakini silaha yake kubwa iliendeshwa kwa jasho. Historia yake yote imekaa hapo, kati ya chuma na mikono ya watu, na ndiyo maana inastahili kusimuliwa hata kwetu tunaoishi upande wa pili wa dunia. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walizijua meli za vita za karne hiyo kwa macho. Hata neno manowari tumelirithi kutoka vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza waliotia nanga kwenye bandari zetu.

Peru haikuwa taifa la viwanda. Ilikuwa na visiwa vya Chincha, vilivyofunikwa na kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana kwa karne nyingi, na wakulima wa Ulaya walikilipia fedha nyingi kama mbolea. Mwaka 1864 Hispania ilivikalia visiwa hivyo kwa nguvu. Peru ikatuma watu Uingereza kutafuta meli, na kazi ikapewa kampuni ya Laird ya Birkenhead, ng’ambo ya mto kutoka Liverpool. Tarehe 7 Oktoba 1865 meli ilishushwa majini, ikapewa jina la mfalme wa Inka aliyepigana na ndugu yake Atahualpa kugombea kiti cha baba yao.

Wakati huo uundaji wa meli za vita ulikuwa umepinduka. Mwezi Machi 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli mbili za chuma, Monitor na Virginia, zilirushiana makombora kwa saa kadhaa huko Hampton Roads na hakuna iliyozama. Siku moja kabla, hiyohiyo Virginia ilikuwa imeangamiza meli mbili za mbao. Kila nchi yenye pwani ilielewa maana yake. Mbao zilikuwa zimeshindwa.

Huáscar iliundwa kwa fikra za Kapteni Cowper Coles, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeamini kwamba badala ya kupanga mizinga mingi midogo ubavuni, ni heri kuwa na michache mikubwa ndani ya mnara unaozunguka. Meli ilikuwa na urefu wa mita 67 hivi na upana usiofika mita 11. Leo ukiiweka gatini kando ya meli ya makontena ingeonekana kama mashua. Ubavuni, katikati, ilivikwa mabamba ya chuma yenye unene wa inchi 4 na nusu, yakipungua kuelekea omo na tezi. Nyuma ya chuma kulikuwa na mbao nene za mtiki. Kazi ya mbao hizo ilikuwa kumeza mshtuko, maana chuma pekee kikipigwa hupasuka na misumari yake huruka ndani kama risasi. Mnara wenyewe ulikuwa na inchi 5 na nusu. Mizinga ya Armstrong ilirusha makombora yenye uzito wa kilo 136 kila moja.

Omo lake lilikuwa na pembe ya chuma iliyofichwa chini ya maji, ya kumtoboa adui. Kingo za sitaha ziliwekwa bawaba ili zilazwe wakati wa vita na mizinga ipate njia. Kwa kuwa bado ilibeba matanga, mlingoti wa mbele ulitengenezwa kwa miguu mitatu ya chuma badala ya kufungwa kwa kamba nyingi zinazoziba shabaha. Juu ya yote, pale omoni paliinuliwa sitaha fupi ya kuvunja mawimbi ya bahari kuu. Sitaha hiyo ndiyo iliyoifanya meli ivuke Atlantiki salama, na ndiyo hiyohiyo iliyoizuia mizinga yake isiweze kupiga moja kwa moja mbele.

Coles alikuwa sahihi kuhusu mnara. Kuhusu matanga alilipa kwa uhai wake. Mwezi Septemba 1870 meli yake kubwa zaidi, Captain, iliyoundwa palepale kwa Laird ikiwa na minara miwili na milingoti mirefu juu ya sitaha iliyo karibu mno na maji, ilipinduka usiku karibu na pwani ya Hispania. Walikufa watu wapatao 480, na Coles alikuwa miongoni mwao.

Huáscar iliwasili Pasifiki ikiwa imechelewa kupigana na Wahispania. Vita vyake vya kwanza vilikuja mwaka 1877, navyo vilikuwa vya ajabu. Wafuasi wa mwanasiasa Nicolás de Piérola waliiteka wakiwa katika uasi dhidi ya serikali ya Peru, wakaanza kuzisumbua meli za biashara za Uingereza. Tarehe 29 Mei, huko Pacocha, Admirali Algernon de Horsey aliikabili kwa meli mbili, Shah na Amethyst. Zote mbili zilikuwa na mizinga mingi, ila hazikuvikwa deraya. Waingereza walipiga kwa saa kadhaa na makombora yao mengi yaligonga shabaha, lakini karibu yote yakaishia kuacha mabonde kwenye chuma. Hatimaye Shah ilifyatua torpido inayojiendesha yenyewe, ya kwanza kutumiwa vitani na meli yoyote. Huáscar ikageuza mwelekeo, torpido ikapita. Usiku ukaingia, na meli ikaponyoka. Muda mfupi baadaye waasi waliisalimisha kwa serikali yao wenyewe.

Shah nayo ina habari yake Afrika. Ikiwa njiani kurudi Uingereza mapema mwaka 1879, iligeuzwa kwenda Natal, na mabaharia wake wakashushwa nchi kavu kupigana na Wazulu. Askari haohao wa meli iliyoshindwa kuizamisha Huáscar walikuwepo Gingindlovu mwezi Aprili na bunduki zao za mtombo, wakiwamiminia risasi watu waliokuwa na ngao za ngozi ya ng’ombe.

Mwezi huohuo wa Aprili, Chile ilitangaza vita dhidi ya Bolivia na Peru. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya nitrati, chumvi ya jangwa la Atacama iliyotengenezewa mbolea na baruti. Jangwa halikuwa na barabara wala maji. Jeshi la Chile lisingeweza kusonga mbele bila kubebwa na meli, na meli za kubeba askari zisingesafiri kwa amani maadamu Huáscar ilikuwa ikizunguka baharini.

Aliyeiongoza alikuwa Miguel Grau, mtu wa kaskazini mwa Peru aliyeanza kusafiri baharini akiwa mtoto. Tarehe 21 Mei 1879 aliikuta bandarini Iquique meli ya mbao ya Chile, Esmeralda, mashine zake zimechakaa, nahodha wake Arturo Prat. Pigano lile lilionyesha udhaifu wa mnara wa Coles kuliko hesabu yoyote ya wahandisi. Wapiga mizinga wa Huáscar hawakuwa na mazoezi ya kutosha, mnara ulizunguka kwa kusuasua, na Esmeralda ilijibana karibu na ufuko, mji wa Iquique ukiwa nyuma yake. Saa zilipita, makombora yakapotea. Mwishowe Grau aliamua kutumia pembe.

Alipoigonga mara ya kwanza, Prat aliruka kwenye sitaha ya Huáscar upanga mkononi, wachache mno wakimfuata. Aliuawa karibu na mnara. Katika pigo la pili aliruka Luteni Ignacio Serrano, naye akaanguka. Pigo la tatu lilifumua ubavu, na muda mfupi baada ya saa sita mchana Esmeralda ikazama bendera ikiwa bado juu. Grau aliamuru mashua zishushwe zikawaokoe waliokuwa wakihangaika majini, watu ambao dakika chache nyuma walikuwa wakimpiga risasi.

Siku ileile Peru ilipata hasara iliyozidi ushindi huo. Manowari yake nyingine ya chuma, Independencia, iliyokuwa kubwa kuliko Huáscar, ilipanda mwamba huko Punta Gruesa ikiifukuza meli ndogo ya Covadonga. Kuanzia hapo bahari yote ya Peru ilibaki mabegani mwa meli moja.

Tarehe 2 Juni, akiwa Pisagua, Grau aliketi akamwandikia barua Carmela Carvajal, mjane wa Prat. Alimsifu mumewe kwa ushujaa wake na akampelekea upanga na vitu vyake vidogo vilivyookolewa. Bibi huyo alimjibu kwa shukrani. Barua hizo mbili ziliandikwa vita vikiwa vimepamba moto. Ukizisoma leo, unaona watu wawili wanaokataa kuacha chuma kiwageuze kuwa chuma.

Kwa miezi minne iliyofuata Grau aliifanyia Chile kile ambacho chui hukifanya kwenye zizi. Alipita pwani usiku, akakata nyaya za telegrafu za chini ya bahari, akateketeza mashua za kupakulia mizigo, akateka meli za biashara. Mwezi Julai aliikamata Rímac ikiwa na kikosi kizima cha wapanda farasi ndani yake. Santiago kulizuka ghadhabu, na kamanda wa meli za Chile akajiuzulu. Nchi yenye manowari mbili mpya za kisasa ilikuwa inasumbuliwa na meli ndogo yenye miaka 14.

Miaka hiyo 14 ndiyo iliyoiua. Cochrane na Blanco Encalada, manowari hizo mbili za Chile zilizoundwa Uingereza miaka ya 1870, zilivaa mabamba yenye unene wa hadi inchi 9 na kubeba makombora ya kisasa yaliyokusudiwa kutoboa deraya. Chuma kilichowacheka Waingereza Pacocha kilikuwa sasa kama mlango wa banda. Juu ya hayo, Chile iliipeleka Cochrane kwenye matengenezo ikapata mwendo wake tena, wakati Huáscar iliendelea kusafiri na magugu na makome chini ya tumbo lake, bila muda wa kusuguliwa.

Alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1879, karibu na rasi ya Angamos, Grau aliona moshi wa meli za adui. Alikimbia kaskazini, na mbele akaona moshi mwingine. Alikuwa katikati ya mtego. Baada ya saa tatu asubuhi Huáscar ilifyatua kwanza; Cochrane ilisogea kimya mpaka karibu, ndipo ikajibu. Moja ya makombora liliingia kwenye mnara na kuwaangusha watu waliokuwa ndani. Jingine lilipiga kibanda cha kuongozea meli, chumba kidogo chenye chuma cha inchi 3 nyuma ya mnara, alimosimama Grau. Kilichopatikana ni sehemu ya mguu wake tu. Msaidizi wake, Luteni Diego Ferré, alikufa chini yake.

Elías Aguirre alishika uongozi, akauawa. Melitón Rodríguez akashika, akauawa. Enrique Palacios akajeruhiwa vibaya. Luteni Pedro Gárezon alipofika zamu yake, usukani ulikuwa umekatika na mizinga haifanyi kazi. Aliamuru mabomba yafunguliwe maji yaingie, meli izame isitekwe. Wachile walipanda na bastola mkononi, wakawalazimisha mafundi wa mashine kuyafunga. Baada ya saa moja na nusu hivi ya mapigano Huáscar ilikuwa mali ya Chile.

Mabaki ya Grau yalizikwa Mejillones kwa heshima za kijeshi za adui zake. Baadaye yalihifadhiwa Santiago katika kaburi la familia ya Óscar Viel, afisa wa jeshi la majini la Chile. Viel alikuwa mwanyumba wake: wake zao walikuwa ndugu. Mwaka 1890 mabaki hayo yalirudishwa Peru. Grau alikuwa pia mbunge, na mpaka leo Bunge la Peru limemwekea kiti chake. Jina lake likiitwa, wabunge humwitikia kwamba yupo.

Meli ilitengenezwa haraka, ikawageuzia mizinga waliokuwa wamiliki wake. Tarehe 27 Februari 1880, mbele ya Arica, nahodha wake mpya Manuel Thomson aliuawa juu ya sitaha ileile. Ni katika matengenezo ya miaka ya 1880 ndipo mashine ya mvuke ilipofungwa kuuzungusha mnara. Mikono 32 ikapumzika, wakati meli haikuwa tena na adui wa kulingana nayo. Baadaye boila lake lililipuka Talcahuano, ikaachwa. Ikawa kituo cha nyambizi za kwanza za Chile, ikachakaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikakarabatiwa kuwa makumbusho.

Ingali Talcahuano, inaelea. Ndani yake zimetundikwa picha za Prat, Grau na Thomson, manahodha watatu waliofia juu ya sitaha moja wakipigania bendera mbili. Wako Waperu wanaodai irudishwe kwao, na madai yao yanaeleweka: ni kaburi la watu wao. Wachile nao wana wao pale.

Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 27 Februari 2010, miaka 130 kamili tangu Thomson aanguke, tetemeko la ardhi la nguvu ya 8.8 liliitikisa Chile ya kati. Mawimbi ya tsunami yaliingia Talcahuano, yakavunja karakana za jeshi la majini na kutupa vyombo nchi kavu. Kulipokucha, Huáscar ilikuwa bado juu ya maji.