Pima Nyumba kwa Magoti ya Mzee

Wazee wetu walinena: rahisi ghali. Maneno hayo niliyafahamu vyema Makka, nilipompeleka mama yangu mzazi Umra.

Malazi yalikuwa ya namna mbili. Mosi, hoteli zinazoukabili Msikiti Mtukufu, pale penye mnara wa saa wa mita 601 uliokamilika mwaka 2012. Pili, nyumba ya kupanga mtaa wa Aziziya, kilomita kadhaa kutoka msikitini, yenye vyumba vipana na jiko, kwa bei nafuu. Nami mtu wa kalamu, mfuko mwepesi, nikachagua Aziziya.

Siku mbili tulistarehe. Wali tulipika, chai tukaitia iliki. Siku ya tatu magoti ya mama yakakataa. Basi likijaa, twangoja jingine. Likitufikisha, sala imekwisha simama. Alasiri moja akanitazama, akasema: "Mwanangu, nimekuja kuiona Kaaba au kuhesabu mabasi?" Sikuwa na jawabu.

Tukahamia karibu na msikiti, chumba kidogo kisicho dirisha. Akiba yangu ikayeyuka, lakini mama akazidiriki sala zote tano kwa miguu yake mwenyewe.

Aziziya siitii ila. Mwenda Hija huifaidi, kwani iko jirani na Mina. Na kijana mwenye nguvu hataona taabu. Lakini ndugu msomaji, ukisafiri na mzee, usiipime nyumba kwa mfuko wako. Ipime kwa magoti yake.