Kujihesabia Haki

Farisayo yule wa Injili ya Luka, aliyepanda hekaluni kusali, hakusema uongo. Jambo hili husahauliwa sana. Torati ilimwagiza Mwisraeli kufunga siku 1 tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara 2 kila juma, tena alitoa zaka katika mapato yake yote. Matendo yalikuwa mema. Ila aliyahesabu, kisha akamtazama mtoza ushuru aliyesimama mbali, akamhesabu naye.

Sisi walimu twaujua ugonjwa huu kuliko wengi, maana kutwa tumeshika kalamu ya wino mwekundu, twatafuta makosa ya wengine. Jicho huzoea, hata tukifika nyumbani twamsahihisha mke na jirani.

Huko Gahini, katika Rwanda, alikuwako mwalimu Mganda, Blasio Kigozi. Mwaka 1935 alijitenga ili asali. Yasimuliwa kwamba alipotoka hakuanza na dhambi za wanafunzi wake, bali alimwomba mkewe msamaha. Akafariki Januari 1936, lakini uamsho ule ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Hata uamsho haukuwa kinga. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa. Waliamka kabla ya mapambazuko kusali na kuhubiri, wakikemea dhambi waziwazi. Wakubwa wakawaona kuwa wenye kiburi. Ni nani aliyekuwa Farisayo? Yumkini kule kutaka kuamua ndiko kutuingizako mlemle.

Mtume Paulo afundisha kwamba haki ni kipawa, haichumwi kama mshahara. Basi kuiacha haki yetu wenyewe si kuacha kutenda mema. Ni kuacha kuyatumia kama ngao tukiambiwa tumekosa.

Nasi ngao hiyo twaijua. Tuliwahi kumchapa mtoto kwa wizi wa kalamu, nayo kalamu ikaonekana kesho yake sandukuni mwetu. Tukajisemea: haidhuru, fimbo haimpotezi mtoto. Siku 3 hatukuweza kusali. Siku ya nne tulikwenda kwao jioni. Babaye akatutolea kiti, akasema, "Karibu, mwalimu, mtoto amekosa nini tena?" Tulikaa kitambo kirefu kabla ya kuweza kumjibu.