Nyumba za Kupangisha Zenye Kutumia Nishati Kidogo: Nani Agharimie?

Ujenzi wa nyumba zinazohitaji nishati kidogo mno ya kupasha joto haukwami tena kwa sababu ya ufundi, kwa kuwa maswali makuu ya ufundi yalipata majibu mwaka 1991, pale nyumba nne zilizoungana zilipokamilishwa katika mtaa wa Kranichstein, mjini Darmstadt, Ujerumani, kwa kufuata kanuni zilizobuniwa na mwanafizikia Wolfgang Feist akishirikiana na Bo Adamson wa Uswidi. Kiwango hicho, kiitwacho Passivhaus, kinataka joto la kupasha nyumba lisizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita mraba kwa mwaka, nacho hufikiwa kwa kuta zenye tabaka nene la kihami joto, yaani nyenzo inayozuia joto lisitoroke, kwa madirisha ya vioo vitatu, na kwa mtambo unaopasha hewa safi inayoingia kwa kutumia joto la hewa chafu inayotoka.

Sharti linalowatoa jasho makandarasi ni uzibaji wa mianya. Feni kubwa hufungwa mlangoni mpaka tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, na hewa inayovuja kwa saa moja haipaswi kuzidi asilimia 60 ya ujazo wa nyumba. Hapo ndipo fundi hupitisha kiganja kwenye soketi na fremu za madirisha akitafuta upepo.

Majengo ya ghorofa yana nafuu yake, kwani fleti zinazopakana hazipotezeani joto, na eneo la kuta za nje kwa kila mpangaji hupungua. Jengo la ghorofa 26 la Cornell Tech mjini New York, lililofunguliwa mwaka 2017, lilithibitisha kwamba kiwango hicho hakikuwa cha nyumba ndogo tu.

Kikwazo kilichobaki ni cha hesabu: mwenye nyumba ndiye anayegharimia kihami joto, ilhali mpangaji ndiye anayelipa bili na kufaidi akiba. Tangu 2023 sheria ya Ujerumani inagawa tozo ya hewa ya ukaa kati yao kwa ngazi kumi, hivi kwamba mwenye jengo bovu kabisa hubeba asilimia 95 ya tozo hiyo, na mwenye jengo bora habebi kitu. Pennsylvania, Marekani, ilishika njia nyingine mwaka 2015, pale wakala wa jimbo wa fedha za makazi ulipoanza kuwapa alama za ziada wajenzi walioahidi kiwango cha Passivhaus katika ushindani wa kupata unafuu wa kodi wa kujengea nyumba za wapangaji wenye kipato cha chini. Njia hii ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ile ya Ujerumani inagusa tozo peke yake na kuiacha gharama yote ya mafuta kwa mpangaji, wakati ya Pennsylvania humfikia mjenzi anapotafuta mtaji, kabla ramani haijafungwa.